Mikono ya Chuma

Mdogo wangu Sindano,

Vaa miwani kwanza, usianze kunisoma kwa kukisia kama ulivyozoea. Umevaa? Haya, nakusalimu sana. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji yangu bado anakoroma mpaka majirani wanataka kuhama? Sisi huku wazima. Binti yangu ananyonyesha vizuri, mkwe ananenepa bila sababu, na mjukuu wetu, yule tuliyemwita Tone kwa udogo wake, sasa ana mashavu ya kuwagawia watoto wawili. Mimi pia ni mzima, sina neno. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ni meza hii, mguu wake mmoja mfupi.

Nakuandikia habari ya kiti. Usicheke. Kiti cha mtoto cha kwenye gari.

Nilikwisha kukuambia nilivyokidharau. Binti yangu alipokitaja mara ya kwanza, tumbo lake bado kubwa, nilimuuliza kama anatarajia mtoto au yai, maana mayai ndiyo hununuliwa pamoja na trei. Nikamwambia nimelea wangu na wa wenzangu, wote walisafiri juu ya mapaja haya, na hakuna aliyevunjika. Mikono yangu ndiyo kiti. Akanyamaza, maana nilimlea ajue kunyamaza. Basi utashangaa kusikia kwamba juzijuzi ni mimi niliyesimama katikati ya sebule nikasema mtoto huyu hapandi tena gari lile mpaka kiti kinunuliwe, na anayetaka kubishana akabishane na ukuta. Binti alinitazama kama aliyeona kuku anapiga mswaki. Mkwe alikwenda kununua siku ileile, asije akanikuta nimebadili mawazo.

Gari lao umeliona kwenye picha, kile kigari kifupi ambacho mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu kama kiboko anayepiga miayo. Ukiingia na mawazo mengi hamtoshi. Na kiti chenyewe utadhani cha mfalme. Mkwe alikiingiza kwa mlango wa kushoto kikagoma, akazunguka wa kulia kikaingia, ila yeye mwenyewe akakwama kiunoni, miguu nje inapiga hewa. Nikamwambia hayo ndiyo matunda ya kula bila kipimo.

Akanisomea karatasi ya maelekezo. Eti mtoto mchanga akae nyuma, na pia atazame nyuma. Nikamuuliza tangu lini mtu akasafiri kinyumenyume, kama anayeaga watu asiotarajia kuwaona tena? Akanieleza kwa upole kwamba gari likisimama ghafla, kila kilichomo ndani huendelea mbele. Mtoto akiwa amegeuzwa, kiti humpokea mgongo na shingo pamoja. Akiwa ametazama mbele, kile kichwa chote huning'inia kwenye kashingo kake. Aliposema kila kilichomo ndani huendelea mbele, nilishika mlango wa gari. Sikubishana tena.

Wakakisukuma kiti cha abiria mbele mpaka atakayekaa pale ale magoti yake. Mkwe akapitisha mkanda kwenye matundu ya chini, akapiga goti ndani ya kiti, akauegemeza mwili wote, akavuta. Nikakisukuma kwa kiganja, kikacheza. Nikamwambia afungue aanze upya. Kikacheza tena. Nikamwambia nimeona meno ya bandia yaliyokaa imara kuliko hicho. Fundi gari wa jirani akaja kuchungulia, akasema, Bibi, hapo hata tembo hatoki. Nikamjibu kwamba tembo atajijua, mimi namwekea Tone. Kumbe mkanda ulikuwa umejipinda kwa chini. Walipounyoosha, kiti kikatulia kama kimeota mizizi. Hata hivyo kila nikipata nafasi natoka kwenda kukisukuma. Wananicheka. Mkwe anasema mama amepata kazi ya ulinzi.

Kisha wakataka nijifunze kumfungua mtoto, kwa kuwa mimi ndiye nitakayekaa naye kule nyuma. Kuna kifungo chekundu hapo mikanda inapokutana. Unakibonyeza kwa dole gumba, mikanda inaachia. Nikabonyeza. Kimya. Nikaweka madole gumba yote mawili, nikainama na kifua changu chote. Kimya. Nikasimama wima nikasema wameuziwa kibovu, na tunakwenda dukani sasa hivi nikampe mwenyewe maneno ya kumnyima usingizi. Tukaenda. Muuzaji ni msichana wa kucha za zambarau, alikuwa anatafuna karanga. Nikamfokea mpaka wateja wakasogea karibu wasikie vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho, akajipangusa, akabonyeza kwa kidole kimoja, mikanda ikaachia ta! Akaniuliza kwa adabu kama kuna tatizo lingine, bibi. Mkwe akakohoa, akatazama dari. Njiani akasema vifungo vikiwa vipya huwa vigumu. Kijana ana adabu, na adabu yake ilinitisha kuliko kama angenicheka.

Sindano, pale juu nimeandika kwamba mimi ni mzima. Hilo ni la kufungulia barua tu. Na meza hii haina kosa, miguu yake yote iko sawa.

Siku ya chanjo tulikwenda mimi na mkwe, binti alikuwa na homa. Nilimpakata Tone kiti cha nyuma, nimejaa kiburi changu. Pikipiki ikatukatiza, mkwe akakanyaga breki, na mikono yangu ikafunguka. Si kwamba nilizidiwa nguvu. Ilifunguka yenyewe kama mlango usio na komeo. Tone akaniponyoka akaenda chini kati ya viti, akaangukia begi la nepi na koti la baba yake. Hakulia. Kule kutolia, mdogo wangu, bado nakusikia. Nikamzoa kwa viwiko nikamrudisha mapajani, ndipo akapiga ukelele. Mkwe akageuka akamwona kifuani pangu, akashusha pumzi, akasema, mama, una mikono ya chuma. Kliniki nesi akamvua, akampindua huku na huku, akasema huyu hana shida yoyote. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta sipumui. Mpaka leo binti anawasimulia majirani sifa za mikono ya mama yake.

Kabla ya hapo vilikuwa vikombe tu. Nikidondosha, nasema ni sabuni. Kifuniko cha chupa kikinishinda, nasema wamekikaza makusudi. Unakumbuka mama naye alianza na vikombe, na unakumbuka alikoishia. Sasa nitazame nilipo. Bila kiti, mikono yangu haimshiki Tone. Akiwa kitini, dole langu halimfungui. Ukitokea moto mle ndani, nitakaa kando yake nikimtazama. Tena gari ni sehemu ndogo ya hofu yangu. Jumatatu binti anarudi kazini, na Tone atabaki na mimi kutwa. Nimwogeshe, nimtoe kitandani, nimshushe zile ngazi za saruji. Kwenye gari kuna mkanda. Nyumba haina mkanda.

Mficha maradhi kifo humuumbua: methali hiyo nimewarushia watu wangapi? Hata wewe nilikurushia kwa ajili ya goti. Ila huku, atakayeumbuliwa siye aliyeficha. Naogopa, Sindano. Naogopa wataninyima mtoto, na naogopa zaidi kwamba hawataninyima.

Simu sikutaka, kuta za humu ni nyembamba na sauti yangu unaijua. Nimemwita binti yangu, ameitikia kwamba anamalizia kusuuza nguo. Nitamwambia hayahaya, kwa mpangilio huuhuu. Nimeyapima kwako kwanza, kama mtu anavyopima nguo kwa fundi kabla ya kutoka nayo.

Nawe funga mizigo. Mikono yako imeshika mkasi maisha yote na hadi leo unatunga uzi bila kuuliza mtu. Goti likilalamika, lije lilalamikie huku. Kuelekeza nitaelekeza, kukaripia usiwe na wasiwasi. Mdomo ninao, mikono lete wewe.

Msalimie shemeji, mwambie alale ubavu. Wasalimie wanaoniulizia, na wasioniulizia waache walivyo.

Bomba limefungwa. Namsikia anakuja, anamwimbia Tone. Najua atakachosema akifika mlangoni: Mama, hebu nishikie.

Dada yako mkubwa,
Pilipili