Binti Yangu Aliniomba Ufunguo Mlimani

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana ni wiki ya tatu sisemi na binti yangu wa kwanza na nyumba imepoa hata chai hainogi. Mimi ni dereva wa lori mstaafu, barabara ya mlimani nimeipanda miaka ishirini na saba, kona zake nazijua kama vyumba vya nyumba yangu, sasa binti akataka tuwapeleke wakwe zake, baba na mama wa mumewe, wakaone mandhari ya kule juu, nikasema gari naendesha mimi, nani mwingine? Asubuhi nikamkuta anapakia madumu ya maji, mablanketi, tochi na kabari ya mti ya kuzuia tairi, ile ya lori langu la zamani, nikamcheka mbele ya watu, "Mama, tunatembea au tunahama?"

Tulipanda vizuri, wakwe wakapiga picha, lakini wakati wa kushuka nikaweka gia huru gari lijishukie lenyewe, ujanja wa kuokoa mafuta niliouanza uzeeni, nakanyaga breki huku nasimulia habari za lori, mara ikaanza harufu ya kuungua, binti akasema kwa upole, "Baba, weka gia ya pili," nikajifanya sisikii, na kona ya tatu pedali ikawa laini, nikapampu na kuvuta breki ya mkono hadi gari likasimama pembeni kwa shida. Binti akaruka, akaweka kabari chini ya tairi, akanyoosha mkono: "Baba, naomba ufunguo." Mbele ya wakwe! Tukasubiri karibu saa nzima breki zipoe, simu hazina mtandao, ukungu unashuka, mama mkwe wake anatetemeka ndani ya blanketi nililolicheka, kisha binti akazijaribu breki na kutushusha kwa gia ndogo, taratibu, mpaka chini.

Jumamosi anawapeleka tena. Kasema kiti cha mbele ni changu, ila usukani wake. Nikienda, nimekiri kushindwa. Nisipoenda, wakwe watasema nimenuna. Na jambo moja sijamwambia mtu: alipoanza kutushusha, niliona fahari mpaka machozi yakanilenga. Nifanyeje?

Dereva Mstaafu

*

Mzee wangu, shikamoo. Salamu ni ya umri wako, makaripio yanayofuata ni ya kosa lako.

Gia huru? Kwenye mteremko, na wakwe wa binti yako ndani? Hata dereva wa juzi anajua kwamba gia uliyopandia ndiyo unayoshukia. Mazoea yana taabu, na yako nusura yawazike watu wanne.

Pole, lakini. Kuteleza si kuanguka. Ila nikuulize, kabari ile nani aliitunza miaka yote? Ulipostaafu uliacha vyombo vya kazi, yeye akaviokota. Nani alimfundisha kusubiri breki zipoe, bila papara? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siku ile ulishushwa na mafundisho yako mwenyewe, na wewe unanuna!

Sasa fanya hivi. Leo hii mwombe msamaha, kwa maneno, usikohoekohoe mlangoni. Kesho gari liende kwa fundi, breki zikaguliwe zote na mafuta yake yabadilishwe. Ijumaa jazeni tangi, pimeni upepo wa tairi pamoja na la akiba, na mtu wa nyumbani ajue mnapita njia gani na mtarudi saa ngapi, maana huko juu simu ni pambo. Ukungu ukitanda, geuzeni. Mandhari haihami.

Jumamosi kabari ipakie wewe. Kaa kiti cha mbele, funga mkanda, na kwenye kona funga mdomo pia. Yale machozi usiniletee mimi, hayanihusu. Mkifika juu, teremka wa kwanza, uwaambie wakwe zake naye akisikia: "Dereva huyu nimemfundisha mimi, na sasa ananiendesha."