Mbolea ya Kibet

Jumanne.

Mimea yangu inayokula wadudu imekufa, mikebe mitano mizima. Matone yake ya kunata yamekauka, majani yamekuwa meusi.

Ni Kibet, mume wangu mtamu! Wiki jana aliionea huruma akaitilia mbolea ya kukuzia majani chai bila kuniuliza. Mimea hii hupenda udongo maskini; mbolea ni sumu kwake.

"Malkia wangu, nani hushiba nzi? Kesho nitaiongezea," ameniambia leo, na lile tabasamu lililonitoa kwetu Mogogosiek.

Nampenda mpaka naumwa, na leo nimemchukia. Nikasema asante, nikaenda kulia kando ya ng'ombe.

Mkebe wa sita, ambao hakuutilia mbolea, ungali hai. Nimeuficha nyuma ya tangi la maji. Ndoa ina wiki sita, na tayari nina kitu ninachomficha.