Vijiti vya Ukingoni

Dada yangu mpendwa,

Unakumbuka vile vijiti? Kila jioni ulichomeka kimoja ukingoni mwa mto Tana, mbele ya shamba letu hapa Golbanti, ukakifunga ukanda wa jani la mkoma kwa fundo lako la mkono wa kushoto. Asubuhi tulikwenda kutazama. Tusipokikuta, ulisema, "Umesogea, mdogo wangu," nasi tukapanda mazao nyuma zaidi.

Kazi yangu yote ya chuoni ilitoka hapo. Nilipopata uprofesa wa hisabati, ulinipokea stendi ya Garsen, ukasema mbele ya watu: "Huyu amesomea mto mpaka mvi, na kuogelea hajui." Nilikueleza, ukanivumilia: kwenye kona, maji ya upande wa nje hukimbia na kula ukingo, ya ndani hupoa na kuacha mchanga. Kwa hiyo kona hukua, na hukua kwa kanuni inayoandikika. Ikijikunja mno, mto hukata njia fupi na kuiacha kona iwe ziwa. Utakata lini? Hilo ndilo swali nililolitafiti hadi nikastaafu.

Sasa kona inalijia kaburi lako. Mwanao Komora ameniuliza, "Mjomba, tumhamishe mama au tumwache?" Wazee wanangoja hesabu yangu, maana kumfukua mtu si jambo la kujaribia. Nimekokotoa, nikarudia. Majibu ni mawili: mto utakata kabla ya kukufikia, au hautakata. Hisabati inayakubali yote mawili.

Ndipo vijiti vikaanza. Asubuhi moja nilikuta kimoja kati ya maji na kaburi. Nikadhani ni Komora.

"Mimi nafunga kwa kulia, mjomba," akasema.

Mto ulikichukua. Kingine kikasimama nyuma yake, karibu nawe zaidi. Fundo ni lile lile, ambalo hufanana na letu sisi wengine likitazamwa kwenye kioo tu. Udongo unaokizunguka ni mbichi, na hauna nyayo.

Leo kijiti kimesimama nyuma ya kaburi lako, upande wa nyumba. Nimekaa kando yake muda mrefu bila kukigusa. Niliogopa, dada, na papo hapo sikutaka kuondoka.

Nimemwambia Komora kwamba hesabu imetoa jibu moja, kesho tunakuhamisha. Hakuuliza nani aliyelitoa. Alikuwa analitazama fundo.

Tulia hapo ukingoni mpaka asubuhi. Tunakuja.

Mdogo wako, asiyejua kuogelea hadi leo