Mama wa Mapasa na Kitabu cha Matete

Siku ya Mungu, 5 Juni 1955

"Mashini inayochapa kitabu cha nyimbo haiwezi kuchapa uongo." Maneno ya Banza, mzee wa kanisa, leo mbele ya mlango, na watu wakaitika kana kwamba amesoma Maandiko. Upuuzi. Mashini ile ile ilichapa kadi za arusi ya Mwamba wa karakana. Karatasi nzuri, herufi za dhahabu. Mwamba hajaoa hata leo. Mashini haina dini. Inachapa inachopewa.

Kitabu wanachokitetea, riwaya iliyotoka kwenye mashini hiyo ya misheni, ni Kisiwa Kinachotembea. Tangu kifike, Kamina nzima ina wazimu. Hadithi ya Kiluwe, yatima anayelelewa na bibi yake juu ya visiwa vya matete vinavyoelea kule Upemba, kwenye mabwawa. Anajifunza kusukuma mtumbwi, kutega nyavu, kuwa mwanaume. Halafu mjomba wake anakutwa amekufa ndani ya mtumbwi. Nani amemuua? Kitabu hakisemi. Kinatuonyesha tu mwanamke mmoja, mkausha samaki, mama wa mapasa, anapanda treni na watoto wake pacha wawili na haonekani tena. Basi. Mwisho.

Nimekisoma mara mbili. Si kitabu kibaya, ni kitabu kivivu. Mtoto anazungumza na korongo kurasa nzima. Matete yananukia maua. Mimi nimelala katika matete yale. Yananuka matope na matumbo ya samaki. Mwandishi huyu aliyaona kupitia dirisha la treni.

Lakini kitabu kivivu hakijawahi kunikosesha usingizi. Wasomaji ndio wanaonichoma. Hakuna anayesema kizuri au kibaya. Wote wanauliza jambo moja: yule mwanamke alishukia wapi?

Siku ya Pili, 7 Juni

Wamempata.

Treni inayotoka Bukama, penye mabwawa, inafika wapi? Hapa. Nani hapa ametoka upande wa mabwawa, anakausha samaki, amezaa mapasa? Mama Kabange, mzaliwa wa Mulongo, mjane wa mfunga breki, nyumba ya mwisho katika kambi ya reli. Imetosha. Mji ambao kila mtu alishuka kutoka kwenye treni unaamini kwamba kila anayepanda treni atashukia kwao.

Nimepita sokoni mchana. Samaki wake wamelala juu ya meza, hakuna aliyewagusa. Meza za jirani zimejaa watu. Na kuna jambo baya zaidi. Kwetu Baluba mama wa mapasa hapitwi hivi hivi. Unampa kitu kidogo, unamwimbia matusi yale ya kuchekesha, naye anakurudishia makubwa kuliko yako, soko zima linacheka. Leo wamempita kimya, kwa adabu. Sijawahi kuona adabu chafu namna ile.

Nimenunua samaki watano. Mke wangu amekataa kuwapika. "Baba Kasongo, kula weye peke yako. Minyi ninataka kulea wajukuu." Mwanamke aliyesoma misheni! Nimewachoma mwenyewe nyuma ya nyumba. Nimekula ugali wetu wa bukari na hasira.

Siku ya Nne, 9 Juni

Kwa Mwalimu Ilunga, baada ya kutoka biro, ofisini kwangu. Yeye ndiye mzizi. Kila Jumamosi, siku ya posho, anasoma kitabu kwenye baraza lake, na kwa ajili ya akina mama anakigeuza Kiluba papo hapo. Anasoma vizuri, shetani huyu. Anabadili sauti, anatua pale panapouma. Wake za reli wanalia.

Tatizo ni hili. Mpaka mwaka huu wanawake wale wamesomewa Injili, matangazo ya reli, na habari za ndugu walio mbali. Hakuna aliyewahi kuwasomea kitu cha kubuni. Kwao karatasi ni ushahidi. Si wajinga. Hawajaambiwa tu.

Nikamwuliza kwa nini hajawaambia. Akatazama viatu vyake.

"Baba Kasongo, nikisema ni kitu cha kutunga, nani atarudi? Watasema Mwalimu anatupotezea saa."

"Na Mama Kabange?"

"Itapita. Bantu banasahau."

Kwa hiyo anajua. Anajua na ananyamaza, kwa sababu baraza lake limejaa. Nimemwita mwoga mbele ya mke wake. Akanijibu kwamba nasoma sana, njo maana siamini kitu. Nikamwambia heri mimi nisiyeamini kuliko yeye anayeuza. Tumeachana vibaya. Vema.

Siku ya Posho, 11 Juni

Nimeshindwa. Niandike bila kujipamba.

Baraza la Ilunga lilijaa hadi kwenye njia. Viti vya mbele, makomisi, makarani watatu wa biro yangu, suruali zimepigwa pasi, wote wamekisoma kitabu wenyewe, wote wanajua. Nikasimama kabla hajafungua ukurasa. Nikauliza: mjomba wa Kiluwe alizikwa wapi? Nani aliona kaburi?

Mama mmoja nyuma: "Matete inatembea, tata. Kaburi nayo inatembea."

Kicheko. Nikauliza: nani kati yenu anamjua mtu wa ukoo wa Kiluwe? "Ni yatima," wakajibu, "ukoo atoe wapi?" Kila swali langu likawa kuni za moto wao. Nikasema kwa sauti: hadithi hii imetungwa, kama hadithi za sungura! Banza akainuka taratibu. "Sungura hajachapwa na misheni." Wakapiga makofi. Nikawatazama makomisi wangu watatu. Mmoja alisafisha miwani yake. Wawili walicheka pamoja na wengine.

Ilunga akasoma. Sauti tamu kuliko kawaida.

Nilipoondoka Banza akanifuata na habari njema zake. Kesho baada ya ibada wazee watamhoji Mama Kabange. Ataweka mkono juu ya kitabu aape. Kitabu gani? nikauliza. "Kile kinachomshitaki," akasema, bila aibu yoyote. Akikataa, kapita, msimamizi wa kambi, amesema hawezi kumweka mtu wa namna hiyo katika nyumba ya reli.

Ataapa juu ya riwaya. Ya korongo wanaozungumza.

Siku ya Mungu, 12 Juni

Meza ndogo chini ya dirisha, kitambaa cheupe, na juu yake Kisiwa Kinachotembea. Wazee wanne. Watu wote wamebaki, hata wenye watoto wanaolia. Nilisimama karibu na mlango. Niliahidi nafsi yangu kunyamaza hadi yeye aseme.

Alikuja na mapasa wake, Kyungu na Kabange, wasichana sasa, wamesukwa vizuri. Kitambaa cha kichwa kimefungwa kama siku ya sikukuu. Banza akamweleza. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mume wangu alibanwa kati ya mabehewa, hapa hapa," akasema. "Weye Banza ulishika jeneza. Upande wa kushoto. Ulilalamika ni zito. Minyi sina maiti ingine."

Banza akasema hiyo si hoja, mwanamke anaweza kuwa na maiti mbili. Watu wakaguna.

Akatazama kitabu bila kukigusa. "Kama nimeua ndani ya kitabu, munifunge ndani ya kitabu. Huku nje niacheni nikaushe samaki."

Wengine walicheka. Kicheko halisi, nilikisikia, na kwa pumzi moja nilidhani mambo yamekwisha. Lakini mzee mmoja akapiga meza, akauliza: utaapa, hautaapa? Mama Kabange akajibu haapi juu ya mambo ya mtu asiyemjua. Nikapaza sauti, nikawaita wazee wanne majina ambayo sitayarudia hapa. Nilitolewa nje kwa mkono. Nikiwa uani nikasikia uamuzi: kakataa, basi kakiri. Familia za kanisa zisinunue kwake. Kapita afanye kazi yake.

Mke wangu alitembea nyuma yangu hadi nyumbani. Aliponiwekea chakula akasema, polepole, kwamba lile jeneza kweli lilikuwa zito. Ndiyo. Alikuwepo. Wote walikuwepo.

Siku ya Tatu, 15 Juni

Baridi ya kiangazi. Moshi wa nyasi kila upande, jua jekundu. Kabla ya biro nilikwenda kambini.

Mama Kabange alikuwa anageuza samaki juu ya moto. Kapita amempa hadi mwisho wa mwezi. Akanivutia kiti.

"Baba Kasongo, kitabu kile unacho? Nisomee. Kila mtu ananijua humo, minyi peke yangu sijijui."

Nikarudi kukichukua, na nikachelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa vita kwisha. Nikamsomea kwa Kiluba, vibaya, bila ufundi wa Ilunga. Mapasa wakaja kukaa. Tulipofika kwa yule korongo anayezungumza walicheka hadi kushikana. Pale Kiluwe anapochonga kasia lake la kwanza, peke yake, hana wa kumwonyesha, Mama Kabange aliacha samaki waungue.

"Mutoto huyu hayuko, siyo?"

"Hayuko."

"Hakuwako hata siku moja."

"Hata siku moja."

Akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Lakini ninamuhurumia." Akarudi kugeuza samaki. "Endelea."

Niliendelea.

Sasa ninaandika nitakayowaambia leo jioni, mlango kwa mlango, nisije nikayapoteza kwa hasira. Mwalimu Ilunga, nanyi makomisi watatu wa viti vya mbele: mmekisoma, mnajua. Siku ya posho, kabla ya ukurasa wowote kufunguliwa, simameni mbele ya akina mama wale mseme kwa Kiluba kwamba Kiluwe hakuzaliwa na mjomba wake hakufa. Kisha nendeni kwa kapita, ninyi wanne kwa miguu yenu, mkamwambie vivyo hivyo, Mama Kabange angali na paa.