Ukungu Katika Picha za Posa

Studio Mwahija,
Nyasubi, Kahama.
Jumatatu, 9 Juni.

Kwa kaka yangu Abdulwahab,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta umeamka salama huko Geita, wewe kwenye winchi yako, wifi Zuhura na watoto nyumbani. Mimi mzima, biashara inakwenda kwa kusukumwa, mvua imekatika na vumbi la Kahama limerudi kazini. Mama nilizungumza naye jana. Goti linamsumbua bado, lakini sauti ni ileile: kanigombeza kwa kutokwenda Ijumaa, kisha kaniombea dua.

Utashangaa dada yako kukuandikia kwa kalamu wakati simu ninayo. Nimepiga, kaka. Kila tukikaribia jambo usilolitaka, mtandao wa machimboni unakuwa mbaya ghafla. Karatasi haikati. Nimemwomba mtu wa basi akukabidhi bahasha mkononi, nawe nakuomba uisome mpaka mwisho, maana naanza na malalamiko ya kamera lakini nitaishia kwenye riziki yako na uhai wa watu.

Kwanza nitoe la kifuani. Siku ya posa ya binti yako Zakia, pale nyumbani Ibadakuli, mbele ya wakwe watarajiwa, ulitazama picha kwenye kioo cha nyuma cha kamera yangu ukatangaza kwamba nimeuziwa kimeo. Ukasema kwa milioni saba ningepata ng'ombe kumi, na ng'ombe angalau haweki ukungu kwenye picha. Walicheka wote, hata yule mshenga aliyekuwa hajacheka tangu aingie. (Na hesabu yako ilikuwa ya mnada wa mwaka juzi. Kwa bei ya sasa ni ng'ombe saba, tena wa wastani.) Nilinyamaza kwa sababu ya wageni, na kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, lakini lilinichoma. Unajua nilikoanzia: shuka jeupe nimelipigilia misumari ukutani jirani na geti la mgodi wa Buzwagi, napiga picha za pasipoti za waomba kazi kwa kamera ya kuazima. Mtu akisema nimeuziwa kimeo, ni kama anasema miaka yote hiyo sikuwa najua ninachofanya.

Sasa nikueleze hiyo kamera, maana siku ile hukunipa nafasi. Ni ile tunayoiita fulu fremu. Ndani yake kuna sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, na hii ina milimita 36 kwa 24, sawasawa na filamu za zamani. Yangu ya kwanza ilikuwa 22 kwa 15. Zidisha mwenyewe: 864 dhidi ya 330. Eneo la kupokea mwanga limeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa lugha ya nyumbani, inaona vizuri mahali ambapo ile nyingine bila flashi ilikuwa kipofu.

Kwa hesabu ni raha. Kazini, wiki ya kwanza ilinivuruga kichwa. Haina sauti. Mteja anakaa, anabana pumzi, anasubiri ule mlio. Mimi nimeshapiga sita, yeye bado kavimba kama chura, mwisho ananiuliza nasubiri nini. Ikabidi niiwekee mlio wa bandia ili watu wapumue. Halafu inatafuta macho yenyewe. Ikiona jicho inalichorea kisanduku cha kijani na kuling'ang'ania. Nilipompiga muuza kuku wa sokoni, kisanduku kilimwacha yeye kikahamia kwa jogoo aliyempakata, na mzee akanuna kweli, akasema kumbe hata mashine inajua nani mwenye mji.

Kubwa zaidi, inaona mno. Mama mmoja wa biashara ya mchele alitazama picha yake akaniambia nimrudishie sura aliyokuja nayo, hii nimeitoa wapi. Uso wake ulikuwa na rangi moja na vidole vina rangi nyingine, mambo ya mkorogo, na kamera ya zamani ilikuwa ikimsitiri. Nikamwomba Euphrasia, mwenzangu wa studio anayesafisha picha kwenye kompyuta, alainishe mambo. Euphrasia akaniuliza kama kamera ya bei ile tumeinunua ili tufiche inachoona. 

Basi nikaja nayo Ibadakuli. Sebule ya mama unaijua, dirisha moja na lile pazia zito asilotaka liguswe. Nilitaka muone uwezo wa kitu, kwa hiyo flashi niliiacha Kahama makusudi. Nikaisimamisha kamera kwenye stendi, nikaweka kasi ya sehemu moja ya nane ya sekunde, nikawaambia mtulie kama watu wanaosomewa wasia. Kwa kasi ya pole namna hiyo, kilichotulia hutoka kama kilivyo, na kinachocheza huacha ukungu. Mkatulia. Kila uso ulitoka safi. Nyuzi za kofia ya mshenga ungeweza kuzihesabu. Ila palikuwa na doa la ukungu, dogo, kama embe. Ndilo uliloliona wewe, na ndilo lililochekesha watu.

Siku ya pili yake nilipanda basi hadi Mwanza kwa Mwita, aliyeniuzia. Nilifika nimejaa hasira. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba kamera mbovu na duka la matapeli, na kwamba sitoki hapo bila kamera nyingine. Hakukasirika. Alibandika gazeti ukutani, akalipiga kona zote nne na katikati, herufi zikasomeka mpaka matangazo ya vifo. Akasafisha sensa, akabadili lenzi, akapiga tena. Safi. Akanirudishia huku akisema kamera ni nzima, mgonjwa nimtafute kwingine. Alikuwa anatania tu. Nilirudi Kahama nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda, kwa sababu kitu kikiharibika mimi nataka kijulikane kimeharibika wapi.

Nikakaa na Euphrasia tukazifungua picha zote kumi na nne za sebuleni, moja baada ya nyingine. Hapo hesabu ikaanza kukataa. Sensa ikiwa na kasoro, doa hukaa mahali palepale siku zote. Hili lilikuwa linahama. Kwenye picha za wanaume lilikuwa kushoto, kwenye za familia nzima likahamia kulia, na kwenye picha nne halikuwepo kabisa. Euphrasia akadhani ni feni. Nikamwambia feni ya mama ilishakufa zamani. Akasema basi labda ni jini. Nikamwambia jini wa posa angekaa karibu na sinia la pilau. Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nacheka mdomo tu.

Nikazirudia zile nne zisizo na doa, nikatafuta kuna nini ndani yake. Nilitafuta sana. Kisha nikaona kwamba swali nimelishika vibaya, nilitakiwa kutafuta nani hayumo. Hukuwemo wewe, kaka. Ulikuwa umetoka kumpokea mjomba barabarani.

Doa ni mkono wako wa kulia.

Nilikataa. Nilisema ulikuwa unafukuza nzi. Lakini nzi wa picha kumi? Nilimkalisha Euphrasia kwenye kiti, nikampiga kwa kasi ileile, mkono wake ukatoka safi na pete yake. Nikafungua picha zako za zamani, za Idi zote, za maulidi. Safi tupu. Nikapata matumaini, nikataka hata kukupigia nikutanie. Ndipo nikakumbuka kwamba hizo zote nilizipiga kwa flashi. Flashi ni kama radi, hata kinachokimbia hukuonyesha kimesimama. Ningeendelea kukumulika hivyo, nisingejua lolote.

Picha ya kumi na moja ndiyo iliyonivunja nguvu. Mkono umeuweka gotini, na wifi Zuhura ameweka wake juu yake, kama mke anayejivunia mumewe mbele ya wageni. Nakumbuka mama alifurahi kuwaona vile. Uso wa wifi ni safi kabisa, anatazama kamera, anatabasamu. Bangili zake ni ukungu mtupu. Amekushikilia kwa nguvu zake zote utulie, na bado mkono wako unautikisa wake. Usimgombeze. Sijamuuliza kitu na hajaniambia kitu.

Mimi si daktari. Nilimuuliza muuguzi mmoja, mteja wangu, bila kutaja jina la mtu, na yeye akaniuliza swali moja tu: huyo ndugu aliwahi kuchoma zebaki?  Nilikuwa naiona ile miaka yako ya mwaloni, kwa waosha dhahabu, kabla ya winchi, kikaango juu ya mkaa nyuma ya nyumba, moshi unakupiga usoni na sisi tumekuzunguka tunashangilia dhahabu inavyobaki. Akasema moshi wa zebaki hutetemesha mikono, inaweza kuwa hiyo na inaweza kuwa jingine, muhimu mtu akapimwe. Kwa hiyo sijui ni nini. Labda hata wewe hujui. Au unajua na umeamua kutojua, hapo pia sielewi.

Ninachokielewa ni kimoja. Mkono huo ndio unaoshika breki ya winchi. Duara lenu, shimo lile la dhahabu, linashuka mita sitini, na mtu akining'inia kwenye kamba, kilicho kati yake na mwamba wa chini ni vidole vyako.

Nimefika kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Alhamisi nilimpigia Thobias wa kundi lenu, yule niliyempiga picha za ndoa mwaka jana. Sikukuomba ruhusa. Nilimweleza nilichokiona, nikamwambia asishuke kwa kamba, wala asimruhusu mwenzake ashuke, ukiwa wewe kwenye winchi. Nilijua maana yake. Nilikuwa namwondoa kazini kaka yangu mkubwa, mwenye binti wa kuozesha, kwa simu, nyuma ya mgongo wake. Ukitaka kunikasirikia, mahali pake ni hapa.

 Thobias akaniambia taratibu, kama mtu anayempokea mfiwa, kwamba wao wanajua. Wanajua tangu kabla ya Ramadhani. Ile habari waliyokupa, kwamba mkaguzi amekataza watu kupanda winchi ya kuvutia mawe, wameitunga wao. Hakuna mkaguzi aliyekuja. Wanashuka kwa ngazi za magogo, mita sitini, na jioni wanapanda kwa ngazi hizohizo na mwili umechoka, ili wewe ubaki kwenye kiti chako na kamba yako ibebe viroba vya mawe tu. Nilimuuliza kwa nini hawajakuambia. Akaniuliza nani ataanza kumwambia Mzee Abdul neno kama hilo. Akasema siku duara lilipomeguka ni wewe uliyebaki kwenye winchi wakati wenye miguu wamekimbia, ukavuta mpaka mtu wa mwisho akatoka, na huyo wa mwisho alikuwa yeye.

Kaka, hilo limenichanganya kuliko kamera. Sikujua nifurahi kwa unavyopendwa au nilie. Mkeo anafunika. Watu kumi na mmoja wanapanda ngazi. Mimi mwenyewe, nikipata picha mbaya ya mtu mzima, huwa naifuta kabla hajaiona. Wote tunakustahi, na siku moja magogo yakiwa yameloa mtu atateleza, atakufa kwa sababu ya adabu yetu. Hii kamera haikujua kama wewe ni Mzee Abdul wala kama mimi ni mdogo wako. Nimejaribu kuamua niilaumu au niishukuru, nimeshindwa, nimeirudisha kabatini.

Ndani ya bahasha kuna picha mbili. Ya familia ni ya mama, umpelekee. Euphrasia ameusafisha mkono wako, hakuna kinachoonekana. Nisingependa mama aambiwe na picha jambo ambalo mwanawe anaweza kumwambia. Ile ya kumi na moja sikuigusa. Hiyo ni yako, uitazame ukiwa peke yako, kisha umwonyeshe wifi, maana nadhani amechoka kuibeba bila mwenzake.

Jumamosi nitafunga studio. Tukutane Mwanza twende pamoja hospitali, nitakaa nawe foleni mpaka waite jina lako. Habari ya riziki tutaipanga, na usiniambie kwamba huna kazi ukiondoka kwenye breki. Watu wanaokubali kupanda magogo kwa ajili yako watakubali pia uwasimamie ukiwa umekunja mikono.

Hilo ni la Jumamosi. Barua ikikufika, la asubuhi yake ni hili. Wakija kazini na kuanza kuelekea kwenye ngazi, waite. Mkabidhi breki unayemwamini, wewe mwenyewe, kwa mkono huohuo wa kulia, na kama utatetemeka mbele yao acha utetemeke. Kisha waambie washuke kwa kamba.

Nisalimie wifi Zuhura sana, na watoto mmoja mmoja. Zakia mwambie picha zake za peke yake zimetoka vizuri mno, nitamletea kabla ya siku ya mahari. Majirani wa hapa wanakusalimu, na yule bibi wa Kisukuma wa nyumba ya pili anasema wabeja, yaani asante, kwa dagaa ulizomletea kutoka Nkome. Mungu akulinde, na awalinde walio chini ya miguu yako.

Wasalaam,
Mdogo wako anayekuheshimu, ingawa safari hii hutaona hivyo,

Mwahija