Nilimpa Mama Majani ya Maabara, Vikalaumiwa Vidonge

Mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nimesema uongo na anayeulipia ni mama yangu mzazi. Nina mtoto wa miezi saba na ninamtunza mama, ambaye miaka miwili sasa akili inamtoroka, ananiita kwa jina la dada yake marehemu, lakini tangu daktari ampe kidonge cha asubuhi alikuwa ametulia, anavaa mwenyewe, hata mwanangu analala akibembelezwa naye. Kazi yangu ni kusaga majani makavu katika maabara ya chuo, na siku moja nikamsikia mtafiti wetu akiwaambia wanafunzi kwamba ubongoni kuna kimeng'enya kinachovunja kemikali ya kumbukumbu, na jani hili limekizuia vizuri, ila ni ndani ya chupa tu, hata panya hajapewa, lakini mimi masikio yangu yaliishia kwenye kumbukumbu, nikafunga unga kwenye karatasi, nikawa namchemshia mama kila jioni juu ya kidonge chake, nikijiambia viwili vitashinda kimoja.

Siku ya tatu aliniita kwa jina langu. Nililia jikoni.

Siku ya tano akatapika, jasho likamtoka, akaanguka mlangoni pa choo, moyo ukipiga polepole mno. Tulipomfikisha kliniki, daktari akauliza, "Ametumia dawa nyingine, hata ya mitishamba?" Kaka yangu mkubwa alikuwa pale, yule anayeniita profesa wa kutwanga, nikasema hakuna. Basi daktari akaamini vidonge ndivyo vilivyomdhuru, akavisitisha. Majani nimeyamwaga, lakini hii ni wiki ya tatu bila vidonge na mama hajui tena kufunga kifungo. Jana alimtazama mwanangu akauliza, "Huyu wa nani, mbona mama yake haji kumchukua?" Nikamwambia, "Ni mjukuu wako, mama." Akasema, "Usinidanganye." Nikisema ukweli nitafukuzwa kazi, na kaka hatanisamehe. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulea wawili kwa mikono miwili. Sasa tulia nikuseme.

Majani nayaelewa, mfa maji haachi kutapatapa. Lakini vidonge vingi vya ugonjwa huo kazi yake ni hiyohiyo, kukizuia kimeng'enya hicho. Ukiongeza jani la kazi ileile unakibana kupita kiasi, na moyo unaweza kupunguza mwendo. Si kila kiotacho ni mboga. Hata siku ile alipokuita, huwezi kujua kama ni jani au ni siku yake nzuri tu.

Uongo ndio sina pa kuuweka. Daktari aliuliza kuhusu mama yako, wewe ukajibu kwa ajili ya kaka yako. Vidonge vimefungwa kwa kosa la majani, na shahidi ni wewe peke yako.

Leo mwulize mtafiti jina la jani, na umweleze kwa nini unauliza. Kazi inaweza kuondoka, sikufichi. Kesho mwachie jirani mtoto, nenda na mama kliniki, mwambie daktari ni jani gani, kiasi gani, siku ngapi. Usimrudishie mama vidonge kwa mkono wako, hata kama vimebaki kabatini. Apimwe moyo kwanza, daktari ndiye aamue. Kaka mwambie ukishatoka huko, si kabla, asije akakukatisha tamaa njiani.

Huenda mama asirudi pale alipokuwa, na hilo utalibeba. Ila usimwongezee wiki ya nne. Kliniki ikifunguliwa saa mbili, saa moja na nusu uwe umeshakaa kwenye benchi.