Mipira Minne ya Baridi

Mtaa wa Observatory, Jumanne, Juni 2018

Minne, tena yote saizi moja! Bado nacheka, ingawa kifua kinauma.

Nilimwagiza Espérance, mke wa mwanangu, anitafutie mipira minne ya baridi kwa safari ya Lesotho. Kwetu Tanga tairi ni mpira. Kwao Bujumbura, kumbe, mpira ni sweta. Leo kaja na sweta nne za sufu.

"Baba, uliposema minne nikajua baridi imekuzidi!"

"Linalosikia baridi ni gari, mwanangu."

Alicheka mpaka akaketi sakafuni, kisha akanipeleka kwa fundi wa magari ya zamani. Fundi alikuwa na tairi ngumu za kudumu miaka, na laini zinazoshika theluji lakini huisha upesi kwenye lami.

Daktari hajanificha kitu kuhusu kifua hiki. Naogopa, nakiri. Ila nataka kuiona theluji nikiwa ndani ya gari langu kuukuu, na Espérance, ambaye ndiye dereva, husema tungoje nipate nguvu.

"Chukua za kudumu, Baba."

"Za kudumu nitazipeleka wapi?"

Akamgeukia fundi: "Funga hizo laini leo. Ijumaa tunaondoka."